Jibu: Je, tafiti za uchumi wa kaya huifikia sera?

Ndugu, umeuliza kama tafiti za aina hii huishia kabatini tu. Utazame mfano wa vyandarua magharibi mwa Kenya. Wengi waliamini kwamba mjamzito asipolipa chochote hatakitumia chandarua, ndipo wanauchumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas wakazipangia kliniki za wajawazito bei tofauti kwa kura, kisha baadhi ya wanawake wakatembelewa nyumbani kuona kama chandarua kimetundikwa. Bei ilipopanda kutoka bure hadi takribani shilingi 40, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia, ilhali waliopewa bure walikitumia sawa na walionunua. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2010, yaliipa nguvu kubwa hoja ya kugawa bure, kwa sababu yalijibu swali ambalo watunga sera walikuwa wakibishania wakati huohuo.