Chuma motoni: maswali yenu wiki hii

*Shikamoo fundi. Babu hufua visu kwa springi za lori, naye hujua moto umetosha kwa kutazama wekundu. Nikifuata rangi hiyohiyo, changu kinavunjika kama chupa. (Kijana wa Mamba, Moshi)*

Marahaba, mjukuu wa mhunzi. Babu hutazama chuma chake wapi? Nadhani ndani ya kibanda chenye giza, na wewe uko uwanjani. Juani wekundu hufifia machoni, kwa hiyo unaendelea kuvuta mvukuto hadi moto unapita kiasi. Chembe za chuma zinakua kubwa, na chuma cha chembe kubwa huvunjika upesi. Rudi kibandani.

Kisha toa sumaku kwenye spika mbovu, ifunge kwenye waya. Chuma cha springi huanza kubadili mpangilio wa atomi zake karibu na nyuzi 727, na kaboni iliyokuwa imejitenga hujichanganya ndani yake kabla hakijayeyuka. Kikikaribia nyuzi 770, sumaku haishiki tena. Hapo ongeza moto kidogo tu, kisha chovya kwenye oili. Usitumie maji, springi itapata nyufa.

Usiishie hapo. Kisu kinachotoka kwenye oili kina ugumu wa kioo hata kama moto ulikuwa sawasawa. King'arishe kwa msasa, kipashe taratibu hadi kipate rangi ya majani makavu, nyuzi 220 hadi 230. Wengi huiruka hatua hii, na inaniuma kuona kazi ya siku nzima ikipotea hivyo.

*Nimetengeneza tindo kwa nondo, nikaichoma ikaiva, nikaitosa majini. Bado inapinda. (Fundi wa Unga Limited, Arusha)*

Nondo ina kaboni kidogo mno, moto hauwezi kuipa isichokuwa nacho. Tafuta springi.

*Kitabu kinasema chuma hubadilika kwenye nyuzi 912, mwalimu anasema 727. (Mwanafunzi, Arusha)*

Wote wako sahihi. 912 ni ya chuma kitupu. Ukitia kaboni, kiwango hicho kinashuka, kwa sababu mpangilio wa motoni una nafasi pana zaidi ya kuipokea. Kaboni ikifika karibu asilimia 0.8, badiliko lote hutokea kwenye 727.

*Mteja kanirudishia sufuria ya stenlesi, eti ni feki kwa kuwa haishiki sumaku. (Mama muuza vyombo, Kilombero, Arusha)*

Pole mama, mteja kakosea. Stenlesi nyingi za vyombo zina nikeli, asilimia 8 hivi, pamoja na kromi. Nikeli hushusha kiwango cha badiliko hadi chini ya joto la chumbani, kwa hiyo chuma hubaki na mpangilio uleule wa motoni, ule usioshika sumaku, hata kikiwa baridi rafuni. Ile isiyo na nikeli hushika sumaku, nayo pia ni stenlesi halali, ila huwa nafuu kidogo.