Kwa mdogo wangu wa Sengerema: mtihani wa urubani wa jeshi si bahati

Wiki iliyopita usiku nilipata ujumbe kutoka kwa binti wa Sengerema aliyemaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hesabu). Aliandika hivi: "Dada shikamoo. Nasikia umepita ule mtihani wa kupima marubani wa jeshi. Mimi hesabu naziweza na fizikia naiweza, lakini kila ninayemuuliza ananiambia ule mtihani ni bahati tu. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Kila nikipita Pasiansi hapa Mwanza nawaona vijana wamesimama kando ya barabara ya uwanja wa ndege, shingo juu, wanaangalia ndege inavyoshuka kutoka upande wa ziwa. Najua wanachowaza. Nimesimama pale miaka mingi.

Si bahati. Nimeupita, na nakwambia kwa kifua mbele kwamba si bahati.

Jambo moja niliweke wazi mapema. Sitaandika hata swali moja nililoulizwa mimi. Ya jeshini yanabaki jeshini, na ukiona mtu anajigamba mtandaoni kwamba ana "maswali yenyewe", mkimbie. Nitakayokueleza yako wazi duniani kote. Majeshi ya anga yanatafuta vitu vinavyofanana kwa mtu anayetaka kurusha ndege, na Wamarekani na Waingereza wameshaeleza hadharani aina za maswali wanayotumia. Mimi nilijifunzia humo.

Chukua mtihani wa jeshi la anga la Marekani, unaoitwa AFOQT. Toleo nililofanyia mazoezi lina sehemu 12. Zipo za hesabu na za lugha, hizo kwa mtu wa PCM hazitishi sana. Zinazomaliza watu ni zile ambazo hakuna mwalimu aliyewahi kuzifundisha darasani. Kuna kusoma jedwali: maswali 40, dakika 7. Kuna kusoma geji za ndege: maswali 25, dakika 5. Kuna kuhesabu maboksi yaliyopangwa: maswali 30, dakika nne na nusu. Gawanya mwenyewe. Boksi moja lina sekunde tisa. Ndani ya sekunde tisa unatakiwa uangalie, ufikiri, uchague, uhamie swali linalofuata bila kujuta.

Kwa nini wanapima hivi? Mwaka 1941, Marekani ikijiandaa kwa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi lake lilimpa mwanasaikolojia John Flanagan kazi ya kutafuta namna ya kuwajua mapema vijana watakaoweza kuwa marubani. Mafunzo yalikuwa ghali, wengi walishindwa katikati, na kushindwa angani kunaua. Wakatengeneza vipimo vya macho, mikono, kumbukumbu na haraka ya kuamua, kisha kila kijana akapewa alama kuanzia 1 hadi 9. Waliopata alama za juu walishindwa mafunzo wachache mno ukilinganisha na waliopata za chini. Tangu hapo majeshi mengi hayakabidhi ndege kwa cheti cha shule peke yake. Kwa hiyo mdogo wangu, vitabu vyako vya A-Level ni vizuri, vitunze, lakini havitakuvusha. Kinachopimwa ni kama kichwa chako kinabaki na mpangilio vitu vinne vikija kwa pamoja na saa inakimbia.

Sasa nikueleze nilivyojiandaa mimi.

Mama yangu anauza dagaa pale soko la Kirumba Mwaloni. Nimekulia juu ya magunia. Nilipoona kwa mara ya kwanza swali la maboksi (boksi namba fulani linagusana na mengine mangapi, pamoja na yale usiyoyaona yaliyofichwa nyuma na chini) nilicheka, kwa sababu ile ndiyo kazi ya makuli wa mwaloni kila alfajiri. Gunia likiwa katikati ya rundo linagusana na la juu, la chini, la kulia, la kushoto, la mbele na la nyuma. Nikawa nachagua gunia moja nikiwa nimesimama upande mmoja wa rundo, nahesabu kimoyomoyo, saa ya simu inahesabu sekunde tisa, kisha nazunguka upande wa pili kuhakikisha. Mwanzoni nilikuwa nasahau yale ya nyuma. Baada ya muda macho yakazoea kuona kisichoonekana. Mama alidhani nakagua kama kuna gunia limeibwa.

Geji zilinisumbua zaidi. Unapewa picha mbili, geji ya upeo (upeo ni mstari ambapo mbingu na ardhi zinakutana) na dira, halafu unachagua ni ndege ipi kati ya nne inaruka vile. Ugumu ni kwamba kwenye geji ya upeo kialama cha ndege hakisogei, kinachosogea ni mstari wa upeo nyuma yake. Ndege ikilalia kulia, mstari unainuka upande wa kulia. Pua ikipanda, mstari unashuka na rangi ya buluu inaongezeka. Kichwa kinagoma kabisa siku za kwanza, kinakuambia kinyume.

Nilichukua mfuniko wa ndoo ya lita 20. Nusu ya juu nikaipaka rangi ya buluu, nusu ya chini kahawia, rangi iliyobaki wakati jirani anapaka nyumba. Katikati nikatoboa kwa msumari wa moto. Mbele yake nikafunga njiti mbili za ufagio kama mbawa, hizo hazisogei. Mdogo wangu wa kiume anakaa nyuma ya mfuniko, anauzungusha, anaupandisha au anaushusha, anaita "Sasa?" na mimi kabla hajamaliza neno niwe nimesema: kulia, pua chini. Akibadilisha, kushoto, inapanda. Baadaye tukaongeza dira, anataja tu "magharibi", na mimi natakiwa nionyeshe kwa kiganja ndege imekaaje nikiitazama kutoka kusini. Ikielekea kaskazini, unaiona mkia. Ikielekea kusini, inakujia usoni. Mashariki ni kulia kwako, magharibi kushoto. Jambo hili halisomwi, linazoeshwa mpaka mkono ujibu wenyewe.

Halafu masikio. Kwenye mtihani wa marubani wa jeshi la majini la Marekani kuna sehemu unavaa hedifoni, sikio la kulia linasikia herufi na namba zake, la kushoto zake, na unaambiwa ujibu za sikio moja tu, huku mkono unafuatilia alama inayokimbia kwenye skrini kwa joistiki. Mimi sikuwa na joistiki. Nilikuwa na wadogo zangu wawili. Mmoja anasimama kulia anasoma namba kutoka kwenye daftari la hesabu, wa pili anasimama kushoto anapiga kelele za bei za sato na sangara kama madalali, na mimi natakiwa nigonge meza kila nikisikia namba shufwa kutoka kulia, huku mkono mwingine unafuatisha kwa kalamu mstari uliopindapinda bila kutoka nje. Majirani walidhani tumechanganyikiwa. Wacha wadhani.

Hesabu zenyewe si ngumu, ni za mwendo, umbali na muda, ila huruhusiwi kuzionea uvivu. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, na maili hiyo ni mita 1,852. Ndege yenye mwendo wa noti 120 inakula maili mbili kila dakika. Basi chukua safari kutoka hapa Mwanza kuelekea kaskazini magharibi, maili 90 juu ya maji, upande wa Bukoba. Kwa noti 120 ni dakika 45. Kwa noti 180 ni nusu saa. Umekwenda kwa nyuzi 315 za dira, kurudi ni nyuzi ngapi? Toa 180: ni 135. Fanya hivyo kila siku ukiwa unaosha vyombo. Ukipanda basi kuja mjini, daraja la Kigongo–Busisi lina kama kilomita 3. Basi likienda kilomita 60 kwa saa utavuka kwa dakika tatu. Likienda 80? Jibu kabla hujafika mwisho wa daraja.

Na ujue mambo ya kwenu. Ziwa letu Victoria liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Ndege ikiwa imesimama chini hapa Mwanza, geji ya kimo iliyowekwa kwa usawa wa bahari haisomi sifuri, inasoma futi 3,700 na ushei. Hewa ya kimo hiki ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na jua la mchana likiipasha inakuwa nyepesi zaidi, kwa hiyo ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuruka. Mtu aliyekulia kando ya ziwa hili akashindwa kueleza hilo anajiangusha bure.

Kuna wanaosema sekunde ni kitu kidogo. Babu yangu alikuwa Mwanza mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilipokuja kupiga maghala ya mafuta ya mji huu. Mabomu yakayakosa maghala, yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama. Babu alitusimulia hadithi hiyo mpaka tukaijua kwa moyo. Mimi nilipoanza mazoezi nikaipigia hesabu: kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, kila sekunde ni mita 250. Sekunde nne ni kilomita nzima. Tangu hapo sikulalamika tena kwamba saa ya mtihani inaonea watu.

Sasa hili nalisema kwa mara ya kwanza. Nikiwa kidato cha tatu, mwalimu mmoja alituuliza darasani kila mtu anataka kuwa nani. Niliposema rubani wa jeshi, akakunja pua akasema, "Rubani gani ananuka dagaa?" Darasa zima likacheka. Niliketi. Siku ile nilifua sare yangu mara mbili, na kwa muda mrefu nilikuwa nikifika shule naenda kwanza bombani kunawa mikono. Nimepita mtihani, nimeona jina langu kwenye orodha, na bado sentensi ile inanichoma. Sijasamehe, na sitasema nimesamehe ili nionekane mtu mwema. Yale magunia aliyoyacheka ndiyo yaliyonifundisha maboksi.

Ndiyo maana nakuomba, mdogo wangu, na nawaomba wote mnaosoma, msikubali mtu awaambie angani ni kwa watoto wa fulani. Mtihani haujui mama yako anauza nini. Skrini haisikii harufu. Lakini pia haikuonei huruma! Vijana wenzangu wa Mwanza, tuna akili, na tunazimwaga. Jioni nzima kwenye mikeka ya kubeti mpira, usiku mzima kwenye video fupi fupi, halafu tunasema nchi haina nafasi. Huwezi kuwa na kichwa cha rubani wakati huwezi hata kukituliza dakika saba bila kushika simu. Weka saa mezani. Fanya maswali 40. Umekosa, rudia. Umepata, punguza muda, rudia. Swali likikukatalia, liache uende mbele. Kwenye mtihani kama huo wa Marekani jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo usiache nafasi wazi, chagua moja na usonge. Lala mapema. Weka saa mezani tena kesho.

Na usikurupuke kwenda kufanya "kujaribu tu". Kule jeshi la majini la Marekani, mtu anaruhusiwa mtihani wake wa urubani mara tatu tu maishani. Nenda ukiwa tayari.

Kuhusu macho: nenda kliniki ya macho sasa hivi, iwe Bugando au hospitali ya karibu na kwenu, wakupime kuona mbali na kutofautisha rangi. Watakuonyesha vile vitabu vya vidoa vya rangi alivyovibuni daktari Mjapani, Shinobu Ishihara, zaidi ya miaka mia iliyopita. Kuna watu wanaishi na upofu wa rangi mpaka utu uzima bila kujua. Bora ulijue jambo hilo Mwanza kwa nauli ya basi kuliko ulijue siku ya vipimo vya jeshi.

La mwisho, pesa. Jeshi limeshatangaza mara nyingi kwamba nafasi zake haziuzwi. Fuata matangazo rasmi, weka vyeti vyako halisi na cha kuzaliwa kwenye bahasha moja, na usimtumie mtu yeyote hata shilingi elfu tano "ya fomu" au "ya kumtoa mkubwa". Akikupigia, usibishane naye. Andika namba yake, ipeleke polisi hapo Sengerema, uendelee na mazoezi.