Picha zinaharibika njiani, majina yanafika salama: usikimbilie kulaumu mtandao

Juzi kijana mmoja wa Bagamoyo ameniandikia: "Dada, shikamoo. Natengeneza programu ya kupokea picha za samaki kutoka mnadani. Majina na bei vinafika vizuri, picha ndizo zinafika zimeharibika. Nimebadilisha laini, nimehamisha seva, hali ni ileile. Kila ninayemuuliza ananiambia ni mtandao."

Marahaba, mdogo wangu. Mtandao mbovu hukata au huchelewesha. Hauna tabia ya kuchagua picha na kuyaacha majina. Neno hilo "ni mtandao" linanichoma mpaka leo, na nina sababu.

Hapa Tanga nilipewa kazi na mfanyabiashara wa machungwa. Wapimaji wake wako Muheza: wanapima, wanaipiga picha stakabadhi ya mzani kwa simu, wanaituma ofisini Ngamiani. Picha zilikuwa zinafunguka nusu, chini rangi ya kijivu, au hazifunguki kabisa, na wakulima walikuwa wanabishaniwa kilo zao kwa sababu ushahidi hausomeki. Kabla yangu walikuja mafundi kutoka Dar es Salaam. Wakajaribu, wakasema Muheza mtandao dhaifu, wakaondoka. Nilipochukua kazi, mmoja wao alinipigia kuniuliza nimesomea wapi, kwa sauti ya mtu ambaye jibu ameshajipa. Nikamwambia nimesoma, nikakata simu, nikakaa na kompyuta yangu.

Kwa Python, lugha ya kuandikia programu, picha ni baiti, na kila baiti ni namba kati ya 0 na 255. Njia nyingi tunazopitishia data zilitengenezwa kwa ajili ya maandishi, ndiyo maana tunatumia Base64, njia ya kuandika baiti kwa herufi za kawaida, ambayo imekuwa ikibeba viambatisho vya barua pepe tangu kanuni za MIME za mwaka 1992. Inachukua baiti 3, yaani biti 24 (biti ni 0 au 1), inazigawa mafungu 4 ya biti 6, na kila fungu linapewa alama moja kati ya 64: herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, na mbili za mwisho, + na /. Alama ya = hujazia mkiani. Neno Tanga linakuwa VGFuZ2E=. Mzigo unaongezeka kama theluthi moja, basi.

Niliyaweka maandishi ya Base64 yaliyotoka kwenye simu na yaliyofika kwenye seva sambamba, nikayasoma kwa macho. Kila penye + upande wa kutuma, upande wa kupokea palikuwa na nafasi tupu. Fomu za wavuti husoma + kama nafasi, na aliyeandika programu hakuilinda. Kisha b64decode ya Python, inayorudisha Base64 kuwa baiti, usipoiambia vingine, inazitupa kimyakimya alama isizozijua. Zikitupwa kwa idadi inayogawanyika kwa 4, hailalamiki hata kidogo, inakurudishia picha mbovu kana kwamba yote ni shwari. Zisipogawanyika, mara nyingi inatoa kosa, kwa mfano "Incorrect padding", na hapo watu wengi huongeza = mpaka kelele ziishe. Usifanye hivyo. Hizo kelele ndizo zinazokusaidia.

Sasa sikiliza kwa nini majina yalikuwa yanapita. Maandishi ya kawaida ya Kiswahili yana baiti zilizo chini ya 128, na ukizipanga biti zake utaona kwamba + haiwezi kutokea mpaka uwe umeandika > au ~, tena ikae nafasi ya tatu katika fungu lake la baiti 3. Nani anaandika ~ kwenye jina la mkulima? Kwa hiyo ukijaribu programu yako kwa "habari" au "Mzee Juma gunia kumi", itafaulu leo, kesho na mwakani. Mafundi wale walijaribu kwa maneno, wakaridhika. Picha ina baiti za kila namna, na + zimejaa humo.

Jaribu kwa bytes(range(256)). Hiyo ina kila baiti iliyopo, na ukiigeuza utapata +, / na = zote. Itume, ipokee, irudishe, ilinganishe na ya mwanzo. Isipolingana, usiguse kitu kingine chochote.

Mimi nilihamia urlsafe_b64encode, inayoweka - na _ mahali pa + na /. Upande wa kupokea nikaandika b64decode(data, altchars=b'-_', validate=True), ili kitu kigeni kikiingia programu ipige kelele. Picha zikafunguka. Siku ya kukabidhi mfumo, walioshukuriwa mbele ya watu ni wale wa Dar es Salaam. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Bado inaniuma, sitaficha.

Vijana, acheni kukisia! Mtu anapata kosa la UnicodeDecodeError kwa sababu ameiambia Python isome baiti za picha kama UTF-8, yaani kama maandishi, badala ya kujiuliza, anaweka errors='ignore', iruke isichokielewa, na kuendelea. Hapo ameshatupa sehemu ya picha na hairudi. Mwingine anahifadhi nywila za wateja kwa Base64 akidhani amezificha, wakati yeyote anaweza kuzirudisha kwa mstari mmoja. Watu wanatuamini na kilo zao, na pesa zao. Angalia baiti. Jaribu kwa baiti.

Wewe wa Bagamoyo, anza na mwanzo wa maandishi yanayofika. Picha ya JPEG ikigeuzwa huanza na /9j/. Ukikuta data:image/jpeg;base64, mbele yake, kata mpaka kwenye mkato kabla ya kurudisha. Kisha tafuta nafasi tupu katikati. Nitumie herufi mia tano za kwanza za kila upande, leo usiku nitaziangalia.