Swali la lugha: “Ongeza nguvu”, “ongeza kasi” au “ongeza moto”?

SWALI: Mimi na wenzangu tunacheza DCS World, mchezo wa kompyuta wa kuigiza ndege za kivita, na tunarusha P-51D Mustang. Nawaandikia wageni maelekezo kwa Kiswahili. Niliandika: “Ukivamiwa, ongeza nguvu hadi 67 na 3,000 kwa dakika 5. Ukishatoka hatarini, punguza kwa 46.” Mwenzangu mmoja anataka niandike “ongeza kasi”, mwingine “ongeza moto”. Nani yuko sahihi? Na je, ni “nguvu ya dharura” au “nguvu za dharura”?

JIBU: La kuondoa mapema ni “kasi”. Kasi ni mwendo wa ndege angani, na rubani anaweza kuipata bila kugusa injini: akiinamisha pua, kasi inapanda yenyewe. Anaweza pia kusukuma injini hadi mwisho huku kasi ikishuka, kama anapanda karibu wima. Mgeni akisoma “ongeza kasi” ana haki kabisa ya kuinamisha pua, na kama yuko mita 200 tu kutoka ardhini, neno lako limemwangusha.

“Moto” ni neno zuri. Sikubaliani na wanaolidharau kwa sababu limetoka kwa madereva na mafundi. “Ongeza moto”, “kanyaga mafuta” na “piga resi” ni Kiswahili kinachofanya kazi kila siku. Shida ni kwamba gari lina pedali moja ya kuongezea, ilhali Mustang ina mikono miwili ya kusukuma na kuvuta kuongoza nguvu ya injini. Mkono wa kwanza unaruhusu hewa iingie kwenye injini, na kipimo chake ni presha ya hiyo hewa, inayosomwa kwa inchi za zebaki. Wa pili unaamuru pangaboi: unachagua mizunguko kwa dakika, na kifaa cha pangaboi kinageuza pembe ya mapanga ili mizunguko ibaki hapo ulipoiweka. “Nguvu” ni matokeo ya vyote viwili. Kwa hiyo “ongeza nguvu” inamwambia rubani unachotaka kipatikane, lakini haimwambii ashike mkono upi. Kwenye simulizi ya mapigano neno hilo linatosha. Kwenye maelekezo halitoshi.

Sasa lipo jambo ambalo hukuuliza, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: viunganishi vyako. Umeandika “67 na 3,000”. “Na” huunganisha vitu viwili bila kusema kipi kitangulie, na hapa utaratibu ndio uhai wa injini. Ukiongeza presha wakati mizunguko bado iko chini, mchanganyiko wa hewa na mafuta unaweza kulipuka ghafla ndani ya silinda badala ya kuungua kwa mpangilio. Injini inagonga, na ikiendelea hivyo inanoki. (Tuyatenganishe haya: kugonga ni dalili, ila fundi akisema injini imenoki, anakupa habari ya msiba.) Kwa hiyo unapoongeza, mizunguko hutangulia, unapopunguza, presha hutangulia. Kiswahili kina neno linalobeba sharti hilo vizuri, nalo ni “ndipo”: “Ongeza mizunguko hadi 3,000, ndipo uongeze presha.” Msomaji anaelewa kwamba la pili halifanyiki mpaka la kwanza liwe limekamilika. “Kisha” nayo inafaa, ingawa haina uzito huo.

Halafu “kwa”. Umeitumia mara mbili, na mara zote mbili imekugeuka. “3,000 kwa dakika 5” inaweza kusomwa kuwa injini izunguke mara 3,000 katika dakika tano, yaani mara 600 kwa dakika. Wewe ulikusudia mizunguko 3,000 kwa dakika, kwa muda usiozidi dakika 5. Hizi ni “kwa” mbili tofauti, moja ya kiwango na moja ya muda, na hazipaswi kubanwa katika neno moja. Andika kiwango kwanza, funga sentensi, kisha taja muda kwa “usizidi” au “usikae zaidi ya”.

“Punguza kwa 46” ni hatari zaidi. “Punguza kwa” hutaja kiasi kinachoondolewa. “Punguza hadi” hutaja kiasi kinachobaki. Duka likipunguza bei kwa shilingi 1,000 na likipunguza bei hadi shilingi 1,000, mteja halipi sawa. Rubani wako aliyekuwa kwenye inchi 67 akiondoa 46 anabaki na 21, kiasi cha mtu anayejiandaa kutua, na huenda adui bado yuko nyuma yake. Wewe ulitaka abaki na 46, presha ambayo injini ya Mustang inaweza kuihimili mfululizo ikiwa na mizunguko 2,700.

Kuhusu hiyo presha yenyewe, vitabu vya fizikia husema “kanieneo”, hospitali husema “shinikizo la damu”, na watabiri wa hali ya hewa Tanzania husema “mgandamizo wa hewa”. Yote ni sahihi mahali pake. “Mgandamizo” ningeuepuka kwenye injini, kwa sababu msomaji anaweza kudhani unazungumzia hewa inavyobanwa na pistoni. Chagua “shinikizo” au “presha”, halafu usibadilishe katikati ya ukurasa. Mimi kwa wachezaji ningeandika “presha”.

“Nguvu ya” na “nguvu za” zote zinakubalika, maana umbo la nguvu halibadiliki katika umoja na wingi. Ila mazoea yana upendeleo. Nguvu za farasi huenda na “za” daima: Mustang hutoa takriban nguvu za farasi 1,500 kwenye inchi 61, na zaidi ya 1,700 kwenye 67. Lakini “nguvu ya dharura” ni jina la kiwango kimoja kwenye mashine, kwa hiyo hapo ningechagua “ya”.

Maelekezo yako ningeyaandika hivi:

“Ukivamiwa, sukuma mkono wa pangaboi hadi mizunguko 3,000 kwa dakika, ndipo usukume mkono wa moto hadi presha ya inchi 67. Usikae hapo zaidi ya dakika 5. Ukishatoka hatarini, rudisha presha hadi inchi 46, kisha mizunguko hadi 2,700.”

Utaona “moto” umebaki, kama jina la mkono. Mwenzako wa pili alikuwa karibu na ukweli, na kwenye ndege nyingine angekuwa sahihi kabisa. Messerschmitt Bf 109 ya Wajerumani hupanga mizunguko yenyewe kulingana na mkono mmoja, hivyo kwa anayeirusha “ongeza moto hadi 1.3” ni amri kamili. Ila hapo taja kipimo bila kukosa: Mjerumani husoma presha kwa ata (ata 1 ni karibu sawa na presha ya kawaida ya hewa), na Mwingereza kwenye Spitfire husoma paundi zinazozidi presha ya kawaida ya hewa. Inchi 67 za Mustang na paundi 18 za Spitfire ni karibu presha ileile, na mgeni hawezi kulijua hilo kwa kuangalia tarakimu peke yake.