Wasomaji na Ulingo: Mieleka Nilijifunza Bila Sauti

Assalaam alaykum dada. Juzi hapa Wete tulibishana barazani. Mzee wetu mmoja kasema mieleka ya siku hizi ni sarakasi, watu wanaruka tu, hadithi hakuna. Mimi nikamjibu kuwa ya zamani ilikuwa ya kushikana shingo mpaka mtu usinzie. Tuamulie. — Kijana wa Wete

Waalaykum salaam mdogo wangu. Kwenye mapigo mzee wako kakushinda. Kwenye hadithi kakosea, nami nitakueleza kwa nini.

Mwisho wa miaka ya 1990, pale Chake Chake, kulikuwa na banda la video la makuti. Wasichana hatukuruhusiwa kuingia. Mimi na binti ami tukizunguka nyuma, tukisogeza kuti moja, tukipeana zamu kwenye tundu lisilozidi jicho. Jenereta lilikuwa upande wetu, likinguruma, basi hatukusikia hata neno moja. Na hata tungelisikia, Kiingereza nani alikijua? Kanda zenyewe zilitoka Mombasa, zikifika bila mpangilio: leo la pili, mwezi ujao la kwanza.

Ndivyo nilivyowajua Undertaker na Kane, wanamieleka wa Marekani. Nilimwona jitu moja lenye barakoa linampiga mwenzake, na yule mwenzake, mtu wa kutisha kuliko wote, hanyanyui mkono. Anapigwa, anatazama, anaondoka. Nikamnong'oneza binti ami, "Huyu ni nduguye. Hawezi kumpiga." Hakuna aliyenambia. Nilimsoma mabega.

Baadaye ndiyo nikaipata hadithi nzima. Ilielezwa kuwa wazazi wao walikufa kwenye moto, na mdogo mtu akadhaniwa naye kaungua. Tarehe 5 Oktoba 1997, mjini St. Louis, Undertaker yumo ndani ya kizimba cha chuma na Shawn Michaels, taa zikazimwa. Akaja Kane, akaung'oa mlango wa kizimba, akasimama uso kwa uso na kaka yake. Hapo hakupigana na mtu, alisimama tu, na watu wakapiga kelele kama paa linaanguka. Kisha akampindua kaka yake kichwa chini miguu juu, akamshindilia sakafuni kwa pigo la kaka mwenyewe. Undertaker hakupambana naye hadi 29 Machi 1998, Boston. Miezi mitano na ushei! Na siku hiyo pigo lile lile, ambalo wengine likiwalaza mara moja, alilazimika kumpiga Kane mara tatu ndipo akamweka chini.

Hapo ndipo mzee wako ana haki. Zamani pigo lilikuwa na thamani. Jake Roberts akikuweka kichwa kwapani na kujibwaga nawe chali, mchezo umekwisha, nenda ukalale. Shawn Michaels akikupiga lile teke la kidevu, basi. Leo teke hilo hilo utaliona mara tano katika pambano moja. Mtu kalazwa, mwamuzi anahesabu moja, mbili, bega juu, wanaanza tena. Mimi hilo linaniuma. Ukila karafuu nyingi kwa pamoja ulimi unakufa ganzi, huonji tena.

Lakini mzee naye asiseme wanaruka ovyo. Miaka ya 1990 waliingia kwenye ulingo wa Marekani watu wepesi waliotoka kucheza Mexico na Japani, akina Rey Mysterio, kimo kidogo, kasi ya ajabu. Watoto waliokua wakiwatazama ndio wanamieleka wa leo. Na mwaka 2010 WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, wakapiga marufuku kumpiga mtu kiti cha kichwani, jambo ambalo mimi nalishukuru kwa dhati, maana niliwaona wanaume wazima wakipokea chuma utosini huku mikono imeshuka. Bora wanipe mtu wa kuruka.

Na hadithi ipo. Tarehe 25 Oktoba 2020, wakati wa korona, ukumbi hauna watu, nyuso za watazamaji zimo kwenye skrini. Roman Reigns anapambana na Jey Uso, ndugu yake wa ukoo, na sharti ni kushindwa kwa kukiri kwa mdomo. Jey anapigwa na kupigwa, hasemi. Mwisho anatokea Jimmy, pacha wake, na Roman anampiga kabali Jimmy. Hapo Jey akasema nimeshindwa. Mwili wake aliweza kuutoa, wa pacha wake hakuweza. Nililitazama kwenye simu usiku, sauti nimeizima kwa kuwa mtoto kalala, na nililia. Roman alikaa na mkanda wa ubingwa siku 1,316, hadi Aprili 2024 Cody Rhodes alipomvua Philadelphia. Mpeleke mzee wako barazani na simu, umwoneshe hilo la mapacha. Usimfasirie chochote.

Dada, mume wangu ananicheka, anasema nakaa usiku kutazama watu waliokwisha kupangiwa nani ashinde. Nimjibu nini? — Mama wa Makunduchi

Mama yangu, wewe wa Makunduchi ndiwe wa kuniuliza hilo? Mwambie akumbuke Mwaka Kogwa. Watu wa Kusini na wa Kaskazini wanatandikana kwa magomba, wanawake wanazunguka wakiimba maneno makali, kisha kibanda kinachomwa na watu wanakwenda kula pamoja. Mgeni akiuliza nani kashinda, mnamwonea huruma.

Wenye kampuni wenyewe walikwishakiri. Mwaka 1989 waliliambia baraza la kutunga sheria la New Jersey kuwa hayo ni maonesho, si mashindano. Kilichopangwa ni mwisho. Anguko halipangwi likawa laini. Tazama kwa karibu: mtu akitupwa, kidevu anakibana kifuani ili kisogo kisiguse, viganja viwili vinaipiga sakafu wakati mmoja na mgongo, ili uzito utawanyike. Chini ya turubai kuna sponji nyembamba, chini yake mbao, chini yake vyuma. Na anayemtupa ndiye anayemlinda. Mumeo amwombe rafiki yake ambebe juu ya mabega kwa dakika moja tu, aone kama ataendelea kucheka. Wasitupane. Na watoto wasijaribu, hata kwenye mchanga wa pwani, maana shingo haina mchanga.

Mimi ni msichana, niko skuli Mkoani. Nawapenda sana wanamieleka wa kike lakini mavazi yao yananitia haya nikiwa na baba. Je, wapo wanaojisitiri? — S.

Mwanangu, tafuta pambano la Riyadh la tarehe 31 Oktoba 2019, la kwanza la wanawake Saudia. Natalya na Lacey Evans, wote wamevaa nguo za kuwafunika kuanzia shingo hadi miguu, na juu yake fulana. Natalya alimfunga mwenzake miguu, akamgeuza kifudifudi na kumkalia mgongoni mpaka akapiga sakafu kuomba basi. Walipomaliza walikumbatiana katikati ya ulingo, na hawakuachana haraka. Litazame na baba. Akikuuliza wanalia nini, mwambie amwangalie Lacey usoni.