Bafu la kuongeza nyuma ya nyumba: dirisha likae wapi? Majibu ya maswali yenu

Maswali ya safari hii yote yanatoka kwa watu wanaoongeza choo na bafu kwenye nyumba ambayo tayari wanaishi. Nyumba mpya unaichora upendavyo. Hii ya kuongeza umekuta vitu viwili vimeshakaa, dirisha la zamani na chemba (shimo la kukagulia mabomba ya maji taka), na hivyo ndivyo vitakavyokupangia mengine. Tailizi zinaweza kusubiri.

Nyuma ya chumba changu kuna dirisha la futi 5 kwa 4. Bafu jipya litajengwa palepale, kwa hiyo dirisha litaangalia bafuni. Fundi anasema tuliache, chumba kitapata hewa kupitia bafu. Ni sawa? (Tabata)

Si sawa. Mvuke wa maji ya moto na harufu ya choo vitapita hapohapo kuingia kwenye godoro na kabati la nguo. Dalili ya kwanza utaiona kwenye pembe za dari ya gipsam: madoa meusi ya ukungu.

Ila usikimbilie kuliziba, kwa sababu juu ya tundu hilo tayari kuna lenta, boriti ya zege inayobeba ukuta wa juu. Kipande cha ukuta kilicho chini ya dirisha hakibebi chochote zaidi ya uzito wake; kikikatwa mpaka sakafuni, umepata mlango wa bafu bila kumwaga lenta mpya. Futi 5 ni sm 150 na ushee. Mlango wa sm 75 pamoja na fremu unataka uwazi wa kama sm 85, na zinazobaki zinajengwa kwa tofali. Hakikisha kwanza hakuna bomba la nyaya za umeme ndani ya ukuta huo. Kisha mwambie fundi achane kwa grainda pande zote mbili ndipo ashike nyundo na tindo. Akianza na nyundo, plasta ya chumbani itapasuka mpaka kwenye swichi.

Sasa chumba kimebaki bila dirisha. Kama kina ukuta mwingine unaotazama nje, toboa huko kabla bafu halijaanza. Kama hakina, bana bafu kwenye kona. Kwa chumba chenye upana wa mita 3.6, bafu la mita 1.5 na ukuta wake wa sm 15 linakuachia karibu mita 1.9 ya ukuta ulio wazi, na dirisha la mita 1.2 linaingia hapo bila shida.

Nina eneo la mita 1.5 kwa 2.4. Mlango uko ukuta mfupi, dirisha ukuta mfupi wa pili. Choo, sinki na shawa nivipange vipi? (Mbezi)

Anza kwa kupunguza. Mita 1.5 kati ya tofali na tofali, ukishapiga plasta na kubandika tailizi pande zote, inabaki kama mita 1.43, na 2.4 inakuwa 2.33. Wengi hupanga kwa kipimo cha tofali, wakaja kushangaa mlango unagonga sinki.

Vyote vitatu vikae kwenye ukuta mrefu mmoja: sinki karibu na mlango, choo katikati, shawa mwisho chini ya dirisha. Shawa ipe sm 90 kutoka ukuta wa dirisha. Choo kipe sm 80, yaani mstari wake wa katikati uwe sm 130 kutoka ukuta huohuo, ili kila upande kuna sm 40 za kukaa bila kubana viwiko. Choo cha kukaa chenye tangi lake huwa na urefu wa kama sm 70, hivyo mbele ya magoti unabaki na zaidi ya sm 70. Chini ya 60 ni karaha. Sinki linapata sm 63 zilizobaki. Chagua lisilotokeza zaidi ya sm 40, na mlango ufungukie ukuta mrefu ule mwingine, usio na kitu.

Kichwa cha shawa kifungwe kwenye ukuta mrefu pia, si chini ya dirisha, ili maji yarushwe kukatiza chumba na dirisha lipate matone tu. Kioo cha kujitazama kikiwa juu ya sinki kitapata mwanga wa dirisha kutoka ubavuni, na huo ndio mwanga mzuri wa kunyolea ndevu. Dirisha likiwa nyuma ya mgongo, unaona kivuli cha uso wako.

Ukubwa wa dirisha: chukua sehemu moja ya kumi ya sakafu. Hapa ni mita za mraba 0.33, kwa hiyo dirisha la sm 60 kwa 60 linatosha. Kumbuka tu kwamba la aluminiamu la kuteleza hufunguka nusu. La luva, la vipande vya vioo vinavyogeuka, hufunguka karibu lote. Kwa bafu dogo tunapendelea luva, hata kama wauzaji wa aluminiamu wanaliona la kizamani.

Kwenye ramani yangu dirisha limeangukia ndani ya eneo la shawa na siwezi kulihamisha. Naambiwa ukuta wa chini yake utaoza. (Kigamboni)

Unaoza pale kizingiti kinapojengwa kama cha sebuleni: bapa, chenye plasta na rangi. Maji yanatuama, yanaingia kwenye ufa mwembamba kati ya fremu na plasta, yanashuka ndani ya tofali, na baada ya muda rangi ya ukuta wa nje inaanza kububujika kama ngozi iliyoungua. Fanya hivi.

Panda juu. Kingo ya chini ya dirisha iwe sm 150 au zaidi kutoka sakafu iliyokamilika. Hapo maji mengi hayafiki, na aliye nje hakuoni.

Kizingiti cha ndani kiinamie ndani, kuelekea shawa: sm 1 kwa kila sm 10 za upana. Cha nje kiinamie nje, kitokeze sm 4 au 5 kupita ukuta, na chini ya ukingo wake kichanwe mfereji mdogo ili tone lidondoke badala ya kurudi ukutani.

Kabla ya tailizi, paka dawa ya kuzuia maji mikono miwili (tabaka mbili), wa pili ukatize wa kwanza. Ipande kwenye kizingiti, igeuke kwenye mbavu za dirisha, na ishuke kwenye ukuta wote wa shawa mpaka sakafuni. Pembeni zote weka utepe wa wavu ndani ya mkono wa kwanza, maana ufa huanzia pembeni. Tailizi ya kizingiti ikalie juu ya tailizi ya ukuta, isiwe chini yake.

Kati ya aluminiamu na tailizi acha mwanya wa mm 5 na ujaze silikoni ya bafuni. Saruji nyeupe haifai hapo: aluminiamu hutanuka na kusinyaa kwa jua, saruji inakatika.

Halafu kuna kosa dogo linaloharibu kazi nzuri. Chungulia reli ya chini ya dirisha la kuteleza, upande wa nje: kuna vitundu viwili vitatu vyembamba vya kutolea maji. Mpiga plasta akivifunika, reli inajaa kama hori na maji yanamwagika ndani. Vizibue kwa waya kabla hujamlipa.

Grili iwe nje. Ikiwa ndani ya shawa itatoa kutu kwenye tailizi nyeupe kabla hujamaliza deni la hizo tailizi. Ukichagua luva, vioo vya upana wa sm 15 vikifunguka hutokeza nusu ya upana huo, basi fremu irudi ndani ya ukuta kiasi cha kutosha visigonge nondo.

Tunaishi karibu na bahari. Bafu jipya liko upande wa mashariki na kila dirisha lake likifunguliwa harufu inaingia chumbani. (Bagamoyo)

Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka kusini-mashariki. Pepo zote mbili zina mashariki ndani yake, kwa hiyo dirisha lako la bafu limekuwa mlango wa upepo karibu mwaka mzima: unaingilia chooni na kutokea kitandani. Kama bafu lingekuwa bado karatasini tungekwambia lihamie magharibi, ambako upepo hutoka ukishapita nyumbani na jua la alasiri hukausha sakafu. Yeyote ambaye hajamwaga msingi, hili ni lake.

Wewe uliyekwisha jenga, fungua tundu la pili ndani ya bafu lenyewe, juu, kwenye ukuta wa kaskazini au kusini, ili upepo upite bafuni na kutoka bila kuhitaji mlango. Tofali mbili za matundu zenye wavu wa mbu zinatosha. Nafasi hiyo kama haipo, weka feni ya kutolea hewa. Bafu lako la kawaida lina mita za ujazo 9 hivi. Kubadilisha hewa mara 8 kwa saa ni mita za ujazo 72, kazi ambayo feni ndogo ya inchi 4 inaiweza. Ikae mbali na dirisha, na dirisha lifungwe inapowashwa, la sivyo itavuta hewa ya dirishani na kuirudisha nje huku harufu imetulia chooni. Chini ya mlango acha upenyo wa sm 1 au 2.

Kagua pia bomba la hewa la choo. Limeishia wapi? Likiwa ndani ya mita 3 kutoka dirisha lolote, mdomo wake uwe angalau sm 90 juu ya kingo ya juu ya dirisha hilo. Mafundi wengi huliishia chini ya mbavu za paa ili wasitoboe bati, na hapo ndipo harufu nyingi zinazolaumiwa kwa choo huanzia.

Paa la bafu litashuka kutoka chini ya paa la zamani. Fundi anasema dirisha la juu halitaingia. (Morogoro)

Anaweza kuwa sahihi, piga hesabu. Tuseme bati jipya linaanzia mita 2.5 kwenye ukuta wa zamani, bafu lina kina cha mita 2.4, na mwinamo ni nyuzi 10. Litashuka sm 42. Ukuta wa nje unaishia mita 2.08, ondoa lenta ya sm 15, kichwa cha dirisha kiko mita 1.93. La sm 60 kwenda juu litaanzia 1.33, kifuani. Lilaze: upana sm 90, kimo sm 40. Eneo ni lilelile, na linaanzia 1.53. Au ulihamishie ukuta wa ubavuni, karibu na nyumba, ambako bati bado liko juu. Ukifanya hivyo, liwe tofali moja na nusu, kama sm 65, kutoka pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani. Msingi mpya hushuka kidogo, ufa hutokea kwenye kiungo hicho, na dirisha au shawa ikiwa hapo ufa utapitisha maji.

Choo kisielekee kibla. Je, hilo linabana dirisha? (Mombasa)

Halibani. Kutoka Mombasa, Makka iko karibu kaskazini kamili; Dar es Salaam na Tanga ni hivyohivyo. Anayekaa chooni asiielekee wala asiipe mgongo, basi tangi la choo liegemee ukuta wa mashariki au wa magharibi. Dirisha liko huru. Mwambie fundi kabla ya jamvi (zege la sakafu), kwa sababu bomba la inchi 4 likishafunikwa kwa zege, kugeuza choo ni kuvunja sakafu.

Chemba ya zamani itakuwa chini ya bafu jipya. Tuifunike kwa tailizi? (Dodoma)

Hapana. Ikiziba utavunja sakafu, na mende watapata njia kabla yako. Ihamishie nje ya ukuta mpya, na kila bomba linapopinda weka nyingine. Bomba la inchi 4 lipe mteremko wa 1 kwa 40, sm 2.5 kwa kila mita. Choo kilicho mita 6 kutoka chemba kinahitaji sm 15 za mshuko, na bomba likianza sm 30 chini ya sakafu litaingia chemba kwenye kina cha sm 45. Pima kwa mpira wa maji, ule wa kulinganishia usawa, kutoka sakafu unayoitaka mpaka kitako cha chemba. Kikiwa juu ya hapo, hamishia choo karibu na chemba, hata kama kitakaa chini ya dirisha ulilokuwa umelitengea shawa.

Kioo cha tinti kinatosha kuficha? (Mwanza)

Mchana ndiyo. Usiku ukiwasha taa, aliye nje anakuona na wewe humuoni. Nunua kioo cha maua, upande wenye mikunjo uwe nje. Upande huo ukiwa ndani, sabuni hung'ang'ania kwenye mikunjo na haitoki kwa kitambaa.