Kompyuta ya zamani nyumbani: kabla hujamruhusu fundi apige Windows upya, angalia betri

Dada wa Morogoro, pole na usumbufu. Nimekusoma vizuri: deskitopu ya mtumba mliyowanunulia watoto, processor ya Core 2 Duo, rami (kumbukumbu ya kazi) 4GB, Windows 10. Kila mkiiwasha asubuhi saa inasoma 1 Januari 2009, tovuti karibu zote zinagoma kufunguka, kuwaka kwenyewe ni mpaka chai ichemke, na juzi umeme ulipokatika na kurudi ikaleta skrini ya bluu. Fundi wa mtaani kwenu kasema Windows imekufa, anataka shilingi 40,000 aipige upya, yaani aisimike tena toka mwanzo. Na picha zenu zote zimo humo.

Nakuomba usimpe bado. Nitakueleza kwa nini, maana jambo hili lilinikuta mimi mwenyewe na likaniuma.

Mwaka 2016 nilikuwa na mashine ya umri huohuo. Umeme ukakatika usiku, asubuhi nikawasha nikakuta skrini ya bluu. Sikuandika hata ile namba iliyokuwa chini. Nikaibeba kwa fundi, akaipiga Windows mpya jioni ileile, nikarudi nayo nyumbani nikiwa na furaha hadi nilipofungua folda za picha. Picha za mama yangu Tanga, mwaka wake wa mwisho, zilikuwa kwenye diski ile na hazikuwa mahali pengine popote. Fundi hakuwa mtu mbaya, alifanya kile anachofanya kila siku. Miezi kadhaa baadaye umeme ukakatika tena, skrini ya bluu ikarudi ileile, na safari hii nikakaa nayo mwenyewe. Windows ilikuwa nzima kabisa. Kilichokuwa kimekufa ni kibetri cha shilingi 2,000.

Ndani ya kompyuta, juu ya mazabodi (ile bodi kuu), kuna betri bapa ya duara inayong'aa, ukubwa wa sarafu, imeandikwa CR2032. Ni ya volti 3, ndiyo hiyohiyo wanayoweka kwenye rimoti nyingi za magari na kwenye mizani za jikoni. Kazi yake ni kuendesha saa na kutunza mipangilio ya awali ya mashine wakati umeme haupo. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani na swichi ya ukutani imewashwa, betri hupumzika kwa sababu saa inakula umeme wa pawasaplai, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme. Sisi wengi tunazima ukutani kila usiku, na umeme wenyewe unakatika, kwa hiyo betri ndiyo inayobeba mzigo. Mashine ya mtumba iliyokaa stoo au kwenye kontena miaka kadhaa hufika kwako betri ikiwa hoi tayari.

Ikiisha, saa hurudi tarehe ya kiwandani. Hapo ndipo tovuti zinapogoma. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta yako inaamini leo ni 2009, inaona cheti ambacho muda wake haujaanza, inakikataa. Ukiona maneno ERR_CERT_DATE_INVALID, au brauza inakwambia saa yako iko nyuma, tatizo ni tarehe. Intaneti yenu haina kosa, na wala hamna haja ya kubadilisha laini au kununua bando jingine.

Sasa sehemu ambayo mafundi wengi huiruka. Betri ikifa haipotezi saa peke yake. Kwenye mashine za umri huu mipangilio yote ya BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows, hurudi ilivyotoka kiwandani, ukiwemo ule unaoiambia kompyuta jinsi ya kuzungumza na diski; njia hizo huitwa AHCI, IDE na RAID. Kama Windows ilipigwa mpangilio ukiwa AHCI, halafu betri ikafa na mpangilio ukarudi IDE au RAID, Windows inawaka, inaitafuta diski yake kwa njia iliyoizoea, haiipati, inaanguka. Windows 7 huandika 0x0000007B. Windows 10 huandika INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Nilipoyaona maneno hayo mara ya pili niliingia kwenye BIOS, nikabadilisha neno moja, nikahifadhi, na Windows ikawaka kama vile hakuna kilichotokea. Nilikaa pale kwenye kiti nikazikumbuka zile picha.

Fanya hivi. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua ubavu wa kava, shika bati la ndani kwa mkono kabla hujagusa kitu kingine. Betri imeshikwa na kimkono kidogo cha chuma pembeni. Kisukume kwa ncha ya bisibisi bapa, taratibu, betri itajiinua yenyewe. Ile mpya iingize upande wenye maandishi na alama ya kujumlisha ukitazama juu, ibonyeze mpaka usikie imeshika. Kama una mita, betri mpya husoma volti 3 au zaidi kidogo. Ile ya kwangu niliyoitoa ilikuwa 1.9.

Rudisha waya, washa, na papo hapo gonga F2 mfululizo kama ni Dell, F10 kama ni HP. Weka tarehe na saa. Halafu tafuta mpangilio wa diski: kwenye Dell nyingi za ofisini umeandikwa SATA Operation, kwenye HP ni SATA Emulation. Kabla hujabadilisha chochote, piga picha kila ukurasa kwa simu. Sasa, kama Windows bado inaanguka kwa skrini ya bluu, badili: ukikuta IDE au RAID weka AHCI, ukikuta AHCI jaribu IDE. Kwa mashine ya nyumbani yenye diski moja, kubadili hapo hakufuti faili lolote. Ikigoma, rudisha ulivyokuta.

Humohumo angalia kama jina la diski linaonekana. Lisipoonekana, zima, chomoa umeme, toa ule waya mwembamba bapa wa data kwenye diski na kwenye mazabodi, uchomeke upya. Waya hizi hulegea mashine inaposafirishwa. Lakini ukiisikia diski inagonga, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani, zima palepale usiendelee kuiwasha kujaribu bahati. Kila jaribio linaila. Hapo unatafuta mtu wa kuokoa data, na umwambie kabla hajagusa kitu kwamba unataka picha kwanza.

Windows ikikubali kuwaka, jambo la kwanza ni picha. Nunua flashi au eksteno (diski ya nje), nakili kila kitu, kisha fungua picha tatu nne kwenye kompyuta nyingine uhakikishe zinafunguka kweli. Ikikataa kuwaka lakini diski inaonekana kwenye BIOS, bado kuna njia: mtu mwenye kompyuta nzima akuandalie flashi ya Linux Mint, mfumo wa bure unaofanya kazi badala ya Windows, kwa programu ya Rufus. Unawasha mashine yako kupitia flashi hiyo, unachagua kujaribu bila kuisimika, na diski yako inafunguka kama folda tu. Unanakili picha zako na Windows haijaguswa. Nimeshawafanyia majirani wawili namna hii na hakuna aliyepoteza kitu.

Ukirudi ndani ya Windows, kanda ya saa chagua iliyoandikwa (UTC+03:00) Nairobi. Dar es Salaam hutaiona kwenye orodha, ila saa ni moja. Tarehe iweke kwa mkono kwanza ndipo uruhusu ijisawazishe kwa intaneti, kwa sababu tofauti ikiwa ya miaka Windows inaweza kukataa kujirekebisha yenyewe.

Kuhusu uzito wa mashine. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ubofye kuona maelezo zaidi, tazama safu ya diski. Nina hakika utaikuta 100% dakika nyingi baada ya kuwaka. Windows 10 kwenye diski ya kuzunguka ni mateso, hata processor ikiwa na nafasi. Nenda palipoandikwa Startup, zima kila kinachojiwasha ambacho hukihitaji: programu za kupiga simu za video, vipakuzi, visasisho vya printa msiyokuwa nayo. Antivairasi iache. Hilo litakupa nafuu kiasi, lakini dawa yenyewe ni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Mimi niliweka ya 240GB ya SATA, ikaingia kwenye waya zilezile za diski ya zamani, na mashine iliyokuwa ikichukua kama dakika saba kuwaka sasa haifiki dakika moja. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu mwaka huu, nunua hicho kabla ya rami.

Rami ukiamua kuongeza, usinunue kwa kukisia. DDR2 haiingii kwenye tundu la DDR3, pengo lake liko mahali tofauti, na ya laptop haiingii kwenye deskitopu. Programu ndogo ya CPU-Z itakuonyesha uliyonayo. Angalia pia Windows yenu ni biti ngapi, kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause: kama ni biti 32, hata 4GB mlizonazo haitumii zote, na rami ya kuongeza itakuwa pesa iliyopotea.

Mashine ikiwasha feni lakini kioo kinabaki cheusi, au inalia piii piii, toa rami, sugua meno yake ya shaba kwa raba ya penseli, futa kwa kitambaa kikavu, rudisha mpaka vibanio vya pembeni vifunge vyenyewe. Na kama inazima yenyewe mchana wa joto, mara nyingi ni vumbi. Safisha kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, na unapopuliza feni izuie kwa kidole isizunguke. Pasta ya processor ikiwa imekauka kama chokaa, futa, weka mpya kiasi cha punje ya dengu, si zaidi. Ukiwa umefungua, tazama zile kapasita ndefu za duara: vichwa vyake viwe bapa. Zikiwa zimevimba au zimetoa ute wa kahawia, hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomelea.

Dada, kwa sababu wanaoitumia ni watoto, hili la Windows yenyewe nakueleza wazi. Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kama ilivyofanya kwa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Fundi akikwambia anaweza kukuwekea Windows 11 kwa njia ya kuzunguka, mkatalie. Toleo lake la 24H2 linahitaji amri ambazo Core 2 Duo haina kabisa ndani yake, haliwaki. Na Windows zile zinazofunguliwa kwa programu ya kuvunja leseni, sharti la kwanza huwa ni kuzima antivairasi. Siwezi kuwashauri hivyo watu ambao watoto wao wanafungua barua pepe za shule humo.

Nilichofanya kwangu ni kuweka Linux Mint ya Xfce, lile toleo lake jepesi, baada ya kuhamisha faili zote. Inaridhika na rami 2GB, yenye 4GB inakwenda vizuri, haina gharama, na LibreOffice inafungua kazi za Word za watoto. Mwanangu wa darasa la sita aliizoea kwa siku mbili. Mkibaki na Windows kwa sasa, angalau ingia kwenye mipangilio ya mtandao uiwekee alama kwamba muunganisho una kikomo, isiwamalizie bando kwa kupakua mambo yake usiku.

Flashi za watoto zikirudi na mafaili yaliyogeuka njia za mkato, msiziformati. Mara nyingi mafaili yamefichwa tu. Ichunguze flashi kwa antivairasi kwanza, kisha fungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, na kama flashi ni herufi E andika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* halafu bonyeza Enter. Yatatokea.

Anza na betri leo. Ukishaiweka, zima ukutani, iache usiku kucha, asubuhi washa uangalie saa. Kisha rudi hapa uniandikie vitu viwili: saa inasoma nini, na maneno yaliyoandikwa chini ya ile skrini ya bluu, herufi kwa herufi, au piga picha uiweke. Nitakuwepo jioni baada ya kazi, na fundi yeyote asiiguse diski kabla sijakujibu.